Nyumba ya Mbao Kule Funyula

Ruweida Fadul alizaliwa Lindi, mtaa wa Kibra jijini Nairobi, katika nyumba ya udongo na fito ambayo babu yake aliijenga enzi Kibra bado ina vichaka na ng'ombe wa kuchunga, na katika utoto wake hakuna mwezi uliomchoma moyo kama Desemba.

Desemba wapangaji walikuwa wakienda ushago, mashambani kwao. Baba yake, mzee Fadul, alikuwa na vyumba kando ya nyumba, vyote chini ya bati moja refu, na karibu wote waliopanga humo walikuwa watu wa upande wa ziwa. Shule zikifungwa tu, ua ulijaa magunia yaliyofungwa kwa kamba, magodoro yaliyokunjwa, na watoto waliovalishwa nguo za Krismasi kabla ya Krismasi kufika. Chumba cha mwisho, karibu na choo, kilikuwa cha kina Amondi. Amondi na Ruweida walikuwa darasa moja, walisukana nywele, walilala pamoja mchana juu ya mkeka wa Bakhita, mama yake Ruweida. Lakini Desemba ikifika Amondi alitia begi mgongoni akaenda zake, na Ruweida akabaki anafagia ua mtupu.

Januari Amondi alirudi mweusi kwa jua, amenenepa kidogo, miguu ina mikwaruzo ya kupanda miti. Alileta njugu kwenye mfuko wa unga. Alisimulia mto, ndama, na nyanya yake ambaye hakufunga mlango mchana kutwa. Ruweida alizila njugu zile huku akimchukia rafiki yake kimyakimya, kisha akamwambia asimulie tena.

"Baba, sisi ushago wetu uko wapi?" aliuliza siku moja.

Mzee Fadul akapiga chini kwa kisigino cha ndara. "Hapa. Hao wengine wanatoka hapa wanaenda kwao. Sisi ndio tuko kwetu."

Ruweida akatazama pale chini. Palikuwa na povu la maji ya kufulia ya jirani, likitafuta njia ya kwenda mtoni.

Mwaka mmoja mwalimu aliwapa insha kuhusu likizo ushago. Ruweida akaandika likizo ya Amondi. Aliandika mto na ndama na nyanya, akaongeza na mbwa, na mwalimu akaisoma mbele ya darasa kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko zote. Amondi alikuwa amekaa kando yake. Walipokuwa wakirudi nyumbani ndipo alipouliza, bila hasira, "Lakini huyo mbwa ulimtoa wapi?"

Wakakua. Mzee Fadul alifariki, vyumba vikabaki mikononi mwa Bakhita. Ruweida, ambaye siku zote alikuwa na mkono wa kuchora, alisomea ujenzi kwa diploma, akaolewa, ndoa ikavunjika mapema, akarudi kwa mama yake. Alipata kazi Kawangware katika ofisi ya Muigai, juu ya duka la vifaa vya ujenzi ambako mashine ya kukata vyuma hailali. Muigai ndiye msanifu mwenye leseni. Yeye hupiga muhuri, Ruweida huchora. Na alichochora ni maghorofa ya kupangisha: bedsita juu ya bedsita, chumba kimoja cha kulala na kupikia humo humo, ngazi nyembamba, dirisha linalotazama dirisha la jirani. Alikuwa hodari wa kazi hiyo. Mtu akimletea kiploti kidogo kama leso, angetoa humo vyumba ambavyo mwenyewe hakuviota.

Amondi naye akawa nesi katika zahanati moja hapo hapo Kawangware, akaolewa na Wesonga, fundi wa friji, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Walipanga nyumba mtaa wa pili kutoka ofisini kwa Muigai, kwa hiyo mara nyingi yeye na Ruweida walikula pamoja mchana katika kibanda cha mama mmoja aitwaye Nduta.

Hapo kibandani ndipo Amondi alipoleta habari.

"Niaje, Ruwe. Wamempa Wesonga kipande chake cha shamba," alisema huku akirarua chapati. "Ndugu zake walichagua kule chini kwa tambarare, kwa mahindi. Yeye akaachiwa mlima."

"Na amekubali?"

"Mimi ndiye nilimwambia akubali. Nimepaona, Ruwe. Kuna mawe makubwa, kuna mvule mmoja wa zamani sana. Ukipanda kabisa juu unaona ziwa." Akatafuna kwanza. "Ila hakuna kuchimba. Kuna jirani alikata mlima akitafuta mahali pa kuweka nyumba ya mawe. Mvua ikakuja, udongo wote ukaingia kwa mihogo ya mama mkwe. Sasa mama amesema mtu mwingine akichimba huo mlima, achimbe na kaburi lake yeye mama hapo hapo."

"Basi mtajenga aje?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Nataka nyumba ya mbao. Ikae tu pale kama mtu amechuchumaa. Isiumize mahali."

Ruweida alisema atachora, na akasema kwa furaha, kwa sababu alikuwa amechoka na bedsita. Lakini alipopanda ngazi kurudi ofisini alihisi kitu kimemkalia kifuani. Alikijua. Kilikuwa kile kile cha Desemba, sasa kimekuwa na umri wa mtu mzima. Aliwaza kwamba Amondi alizaliwa na ushago mmoja, na sasa amepewa wa pili kwa kuolewa tu, na yeye hajapata hata nusu.

Walikwenda Funyula, kwao Wesonga, mwezi uliofuata, yeye na Amondi. Wesonga alibaki na kazi. Mama mkwe, Nabwire, aliwapokea kwa uji na viazi vitamu, akamtazama Ruweida kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu.

"Wewe ndiye fundi?"

"Mimi ndiye mchoraji, Mama."

"Mchoraji anakula viazi?"

"Anakula."

"Basi kula, halafu uende uchore."

Walianza chini, karibu na njia. Palikuwa na sehemu iliyolala kidogo, shamba la zamani lililoachwa, na ukingo mrefu nyuma yake. Ule mvule ulikuwa umesimama kwenye ukingo, mizizi yake imeshika udongo kama vidole. Ruweida alichomeka vijiti, akavuta kamba, akaandika vipimo. Kisha Amondi akarudi kumsaidia Nabwire kupika, na Ruweida akapanda juu peke yake.

Alipofika aliona jukwaa la mwamba, pana kiasi cha nyumba, linateremka taratibu kuelekea magharibi. Nyuma yake mlima ulipanda tena na kuzuia upepo mkali. Mbele, kupita vilele vya miti na mabati machache, ziwa lilionekana kama ukanda wa kijivu. Kati ya miamba kulikuwa na mifuko ya udongo mwekundu, na kila mfuko una kichaka chake. Ruweida aliona mara moja nyumba itakaa wapi. Hakuhitaji kufikiri. Nguzo fupi huku juu, ndefu kule chini, sakafu ya mbao ikielea juu ya mwamba, maji ya mvua yakipita chini yake bila kusumbuliwa.

Akavua viatu. Mwamba ulikuwa na joto la kupendeza. Hakusikia redio ya mtu, hakusikia mtoto wa mtu akilia nyuma ya bati. Akakaa. Alimwona mama yake, Bakhita, ameketi kwenye baraza ambayo haijajengwa, ametandika mkeka, anafuma kawa la kufunikia chakula. Alijiona mwenyewe akitoka jikoni na chai. Katika picha ile yote Amondi hakuwemo.

Aliposikia anaitwa, alistuka kama mtu aliyefumaniwa.

"Ruwe. Umeonaje huko juu?" Amondi alikuwa amesimama chini, mkono juu ya macho.

Ruweida akavaa viatu, akateremka polepole, na kabla hajafika chini alikuwa ameshajua atakachosema.

"Hapafai. Ni mwamba mtupu, nguzo hazitashika. Na kupandisha mbao mpaka pale utaua mafundi. Tujenge hapa karibu na njia."

Uso wa Amondi ukaanguka kidogo. "Mimi nilikuwa nimependa pale."

"Hata mimi. Lakini hapafai."

"Sawa. Wewe ndiye unajua."

Nabwire alikuwa akichambua mboga mlangoni mwa jiko. Aliinua macho, akamtazama Ruweida, akayarudisha kwenye mboga.

Waliporudi Nairobi, Ruweida akachora nyumba ya chini. Aliichora vizuri, kama kawaida yake, lakini mahali palimkatalia. Ili nyumba ikae, ukingo ulipaswa kukatwa kimo cha mtu, na mizizi ya mvule ikatwe pamoja nao, maana yake mvule wenyewe uende. Maji yote ya mlima yangeshukia ukuta wa nyuma. Akachora mtaro wa kuyazuia. Mtaro nao ukataka ukuta wa mawe.

Na jioni, wenzake wakishuka, alikuwa anabaki kidogo na kuchora ile nyingine.

Hiyo ya juu ilijichora yenyewe. Aliipa sakafu mbili zilizoachana kwa ngazi fupi, ili nyumba ishuke na mlima badala ya kupigana nao: jiko na meza ya kulia upande wa juu, vyumba vya kulala upande wa chini, baraza mbele yote. Nguzo alizisimamisha juu ya vigingi vya mawe, na kati ya jiwe na mbao akaweka kofia za bati zilizokunjwa kingo, ili mchwa akipanda agonge bati na kurudi. Mbao zilikuwa za saiprasi, kwa sababu watu wa kule wanaipanda wenyewe na mtu akikata mmoja anapanda mwingine. Paa lilitoka nje sana, kuta zisipigwe na mvua, na mfereji wake ukapeleka maji kwenye tangi. Maji ya kuoga yalishuka kwenye migomba. Hakuna jiwe hata moja lililosogezwa. Mahali ambapo mwamba ulichomoza juu ya sakafu, aliukatia mbao kwa umbo lake, ukaingia sebuleni na kuwa kiti.

Chumba kimoja cha kulala alikichora kwa uangalifu zaidi ya vingine, dirisha lake likitazama ziwa. Hakujiuliza ni cha nani.

Muigai aliikuta ile karatasi mezani siku moja alipofika mapema. Aliinama juu yake bila kuvua koti.

"Hii ni ya nani?"

"Ni mazoezi tu."

"Ni nyumba nzuri kuliko zote zilizotoka kwa hii ofisi, na mimi ndiye mwenye ofisi." Kisha akavuta ile ya chini, ile rasmi. "Sasa nieleze hii. Mteja alisema mlima usichimbwe. Hapa umechimba. Hiyo nyingine haichimbi hata jembe moja. Si ni shamba moja?"

"Mteja anataka karibu na njia."

Muigai akamtazama, akavua koti. Alikuwa mtu asiyependa kusukuma. "Sawa," alisema mwishowe. "Kama ndivyo anavyotaka."

Akapiga muhuri. Ruweida alikaa pale na mkono wake juu ya karatasi, na badala ya kuona haya alihisi kitu kinachofanana na ushindi. Nyumba nzuri ilikuwa imebaki yake. Haikuwa na shamba, lakini ilikuwa yake, na Amondi hakuwa nayo.

Amondi aliipokea michoro bila kuikagua, akamwamini rafiki yake, na mafundi wakaenda Funyula kupima msingi. Walipiga vigingi, wakavuta kamba, kisha wakamweleza Nabwire kwamba mvule utakatwa wiki ijayo. Yule mama hakubishana nao. Aliwapa chakula, akangoja waondoke, akang'oa vigingi vyote kimoja kimoja na kuvitia mekoni, vikapika maharagwe. Kisha akampigia simu mke wa mwanawe.

Jumamosi hiyo Amondi alikuja Lindi. Ruweida alikuwa uani anaanika nguo, na Bakhita alikuwa barazani anakaanga gurusa, chapati nyembamba za Kinubi, kwenye kikaango kipana.

"Mama, hujambo," Amondi alimwambia Bakhita, na akapokea gurusa aliyopewa, na akaila yote, kwa sababu katika nyumba ile hakuwahi kukataa chakula. Kisha akaenda uani, akasimama upande wa pili wa kamba ya nguo.

"Mama mkwe ameniambia kitu. Anasema ulikaa kule juu mpaka viazi vikaiva. Anasema ulivua viatu." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Anasema mtu haketi mahali pabaya hivyo."

Ruweida alishika shuka mbichi, hakuiachia.

"Nilienda kwa Muigai kabla ya kuja hapa," Amondi aliendelea. "Nikamuuliza kama nguzo zinaweza kushika kwa mwamba. Akasema mwamba ndio mahali pazuri kabisa pa kushika nguzo. Unanielewa? Sikutaka kumuuliza. Nilitaka kukuuliza wewe. Lakini niliogopa utanidanganya tena."

"Ni kweli," Ruweida akasema.

"Nini ni kweli?"

"Pale juu panafaa."

"Basi kwa nini?"

Ruweida alitafuta uongo mwingine na hakuupata. "Kwa sababu ni pazuri. Nilipaona nikataka pawe pangu. Halafu nikaona kama hapawezi kuwa pangu, basi pasiwe pako."

Jirani alipita na ndoo, wakampisha. Amondi alingoja mpaka akatoka getini.

"Unajua mimi nilikuwa nalala chumba kile," akasema, akielekeza kidevu kwenye mlango wa mwisho, karibu na choo, ambao sasa ulikuwa na pazia la mtu mwingine. "Baba akikosa kodi tulikuwa tunanyamaza ndani mchana, babako asijue tupo. Mimi nilikuwa nasikia mkicheka huku. Nilikuwa najiuliza ingekuwa aje kuzaliwa mlango huu badala ya ule. Kila siku, Ruwe. Si Desemba peke yake."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia nini? Wivu ni kitu cha kuambia mtu?" Akapangusa mafuta ya gurusa mikononi. "Lakini sikuwahi kuwachafulia maji yenu. Hata siku moja."

Ruweida akaitupia ile shuka kambani. Alihisi uso unamwaka, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hata wakati ule, chini ya aibu, kile kitu cha kifuani hakikuwa kimetoka. Kilikuwa kimejikunyata tu.

"Chora ile ya juu," Amondi alisema.

"Imeshachorwa."

"Lini?"

"Tangu tulipotoka kule."

"Kumbe ulikuwa unajijengea," Amondi akasema, na akaenda kumuaga Bakhita.

Tangu siku ile mambo yote ya nyumba yalipitia kwa Muigai. Amondi hakuja tena kwenye kibanda cha Nduta. Watu walimwona akila kwingine. Ruweida alikabidhi michoro ya juu yote, na ile karatasi aliyoipenda akaiona inakunjwa na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki wa fundi. Muigai alikwenda kukagua nguzo, akarudi na tope kwenye viatu, na Ruweida akayaonea wivu hata yale matope. Picha zilikuja kwenye simu ya Muigai. Sakafu imelazwa. Kenchi za paa zimepanda. Paa limefunikwa. Ruweida alikuwa akiziangalia akisimama nyuma ya bega lake, na Muigai, ambaye bila shaka alikuwa ameelewa mengi, alikuwa anaacha simu mezani na kwenda kutafuta chai ambayo hakuihitaji.

Nyumba ilifunguliwa mwezi wa Agosti. Ruweida hakualikwa. Mama yake alialikwa.

Bakhita alikaa huko siku nne, akarudi na viazi vitamu, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na rangi nzuri usoni. Alivua viatu barazani, akaketi, akaanza kusimulia kabla hata hajapewa maji. Watu walikuwa wengi. Mchungaji aliomba, na yeye naye akaombewa ruhusa ya kuswali kwa dini yake, wakamtandikia mkeka ndani. Halafu mbele kule, alisema, kuna baraza, na mtu akikaa anaona maji mpaka mwisho.

"Nilikunywa chai pale. Sikutaka kuinuka," Bakhita alisema. "Nilikuwa nimechukua kawa langu nikalifuma lote. Mwanangu, umemchorea vizuri. Mbona hukuja?"

"Sikuitwa, Mama."

"Kumbe? Mimi nilidhani una kazi."

Ruweida akaingia ndani, akamimina maji kwenye bilauri ya mama yake, akasimama nayo gizani. Yale aliyoyaona kichwani siku ile mwambani yalikuwa yametokea: mama yake, mkeka, kawa, chai, ukanda wa ziwa. Yametokea na yeye ndiye aliyekosekana. Alimwonea kijicho mwanamke aliyemzaa, na alipojua hivyo alicheka kwa sauti ndogo, si kwa furaha, kama mtu aliyejikwaa kwenye ngazi ya nyumba yake mwenyewe. Akampelekea maji.

"Nisimulie tena," akasema. "Ulikaa upande gani?"

Mvua za masika mwaka uliofuata zilinyesha sana. Zilipokatika, simu ya Amondi iliingia, ya kwanza tangu siku ile uani.

"Sasa. Mlango wa jikoni umekataa kufungika," Amondi alisema. "Na sakafu ya mbele imeachana, kidole kinaingia. Fundi anasema tupige simiti. Mama amesema akileta simiti hapo atamwonyesha vile vigingi viliishia wapi. Ni kazi, Ruwe. Nakuita kwa kazi."

"Usiache waweke simiti," Ruweida akajibu haraka. "Mbao zilikuwa mbichi, zimekauka zikajikunja. Zinalegezwa, zinasogezwa. Nitakuja."

Akaenda. Amondi alikuwa ametangulia na watoto wake, na alimpokea njiani, wakasalimiana kama watu wa ofisi. Walipanda mlima. Mvule ulikuwa mahali pake kwenye ukingo. Chini ya nyumba maji ya mvua yalikuwa yamepita yakaacha mchanga safi juu ya mwamba, na mihogo ya Nabwire ilisimama bila kuguswa.

Ruweida alitazama juu. Ilikuwa nyumba yake. Kila mstari aliujua. Na ilikuwa na mapazia ya maua aliyoyachagua mtu mwingine, na viatu vya watoto wa mtu mwingine mlangoni. Wivu ulimpanda kama zamani, moto moto. Hakuupinga. Aliuacha umwambie yote uliyotaka kusema, kisha akatoa kipimo begini akapanda ngazi.

Alifanya kazi asubuhi nzima na fundi. Walilegeza mbao za sakafu, wakazisogeza zikabanana, wakabakisha nafasi ndogo kwenye ukuta ili zikivuta unyevu zipate pa kwenda. Mlango waliupunguza chini. Ndani, kwenye ile sehemu ambapo mwamba uliingia sebuleni, aliona umetandikwa kitambaa na mtoto amelala juu yake.

Adhuhuri Amondi alileta chai kwenye sinia. "Njoo tukae mbele," akasema, kwa sauti iliyolegea kidogo. "Hata mimi sijakaa tangu nije. Nikifika hapa ni kupika na kufua. Wiki mbili zinaisha, narudi Kawangware."

Wakatoka barazani wote wawili na vikombe vyao, wakasimama.

Hakukuwa na mahali pa kukaa. Baraza yote, kutoka ukuta mpaka ukingo, ilikuwa imetandazwa njugu za kukauka. Katikati yake, kwenye upande ule hasa ambao mtu akiketi anaona ziwa lote, alikuwa Nabwire, amenyoosha miguu, redio ndogo kando, bakuli mapajani. Kuku wake wawili walikuwa wamelala kwenye kivuli chake.

"Halali humu, ni nyumba ya mwanawe, mila haimruhusu," Amondi alinong'ona. "Lakini asubuhi akiamka tu, yuko hapo mpaka jua lizame. Tangu nyumba ifunguliwe. Majirani wanakuja kumwona hapo kama ofisi. Na ndiye huyu aliyesema hataki nyumba ya mbao, itamwangukia."

Ruweida alimtazama yule mama, alivyotulia, alivyoegemea nguzo ambayo yeye Ruweida aliiweka pale kwa ajili ya mgongo wa mtu. Kisha akamtazama Amondi, na akaona usoni pa rafiki yake kitu anachokijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani.

"Na wewe unamwonea wivu," akasema.

"Sana," Amondi akajibu. "Mimi ndiye nanunua hata mbegu za hizo njugu."

Walicheka, kidogo kwanza, halafu wakashindwa kujizuia mpaka chai ikamwagika kwenye sinia. Nabwire akageuza shingo, akawatazama wote wawili kuanzia juu mpaka chini.

"Nyinyi wawili," alisema, "mmesimama kwenye jua la njugu zangu. Sogeeni."

Wakasogea. Waliketi kwenye ngazi za jikoni, upande usioona kitu isipokuwa mlima, wakamaliza chai iliyobaki.